Makorongo ya Malibu

Karibu pwani yote ya magharibi ya Marekani inatazama machweo. Malibu ndiyo inayovuruga hesabu. Ukisimama kwenye ufukwe wake saa sita mchana ukaiangalia bahari, jua linakupiga usoni, kwa sababu pwani ile inatazama kusini. Nyuma yako milima ya Santa Monica imelala mashariki kwa magharibi, urefu wa kilomita 64 hivi, ikianzia Hollywood ndani ya jiji la Los Angeles na kuishia Point Mugu. Safu nyingine nyingi za pwani ya California hazikai hivyo. Zinafuata ufukwe kutoka kaskazini kuteremka kusini.

Wanajiolojia wanasema kipande hiki cha nchi kiligeuzwa. Bamba la Pasifiki na bamba la Amerika ya Kaskazini yalipokuwa yakisuguana, kilinaswa katikati kikazungushwa zaidi ya nyuzi 90, kufuata mwendo wa mishale ya saa, ndani ya miaka milioni 20 hivi iliyopita. Ushahidi umo kwenye miamba ya volkano. Mwamba ulipokuwa ukipoa, chembe za madini ya chuma ndani yake zilielekea kaskazini kwa nguvu ya sumaku ya dunia. Leo chembe hizo hizo zinaelekea mashariki.

Kwa mtu wa baiskeli jambo hili lina faida ya wazi. Maji ya mvua yanashuka kutoka mgongo wa milima kwenda kusini, moja kwa moja baharini, na kila kijito kimejichimbia korongo lake. Ukiifuata barabara ya pwani kutoka mashariki unayapita moja baada ya jingine: Topanga, Tuna, Las Flores, Malibu, Corral, Latigo, Encinal, Decker, na mengine mpaka Deer Creek. Mengi yana barabara ndani yake, na barabara hizo zimechukua majina ya makorongo. Huko juu, Mulholland Highway inapita karibu na mgongo wa milima na kuviunganisha vichwa vya makorongo hayo. Ni ngazi iliyolazwa ubavu: mti mmoja ni barabara ya pwani, mti wa pili ni Mulholland, na makorongo ndiyo vipago. Kupanga safari huku ni kuchagua kipago cha kupandia na kipago cha kushukia.

Kimo si cha kutisha. Kilele kirefu kuliko vyote kina mita 948, na mtu aliyezoea kunyonga baiskeli kutoka Mombo hadi Lushoto kupitia Soni anaweza kucheka akiambiwa kwamba hii nayo ni milima. Asicheke mapema. Mlima wa Lushoto ukishaupanda umeupanda. Unakula mjini, unalala, na kesho ndipo unafikiria kushuka. Hapa barabara inaanzia mita chache tu juu ya maji ya bahari, inakufikisha mita mia tano au mia sita, na kabla hujavuta pumzi vizuri korongo linalofuata limekurudisha ufukweni. Makorongo matatu kwa siku yanatosha kukupandisha zaidi ya mita 1,500 bila kufika popote palipo juu sana.

Kati ya vijito vyote hivyo, kimoja tu, Malibu Creek, kinaikata safu nzima kutoka upande wa pili hadi baharini. Kilikuwepo kabla ya milima, na milima ilipoanza kuinuka chenyewe kiliendelea kukata. Barabara iliyojengwa kando ya korongo lake inavutia kwa macho na inachosha kwa roho: kulia jabali, kushoto shimo, na katikati magari ya watu wanaokwenda kazini. Sipendekezi mtu aipande kwa baiskeli siku ya kazi, hata kama picha zake ndizo zinazotangulia kwenye vipeperushi vya watalii.

Barabara ya pwani yenyewe ilipatikana kwa ugomvi. Wakazi wa kwanza wa nchi hii, Wachumash, walikuwa na kijiji penye mlango wa Malibu Creek karne nyingi kabla ya Wahispania. Kisha yakaja mashamba makubwa, na mwaka 1892 tajiri mmoja kutoka Massachusetts, Frederick Rindge, akanunua shamba la Malibu, zaidi ya hekta 5,000 zilizotanda kati ya milima na maji. Alipofariki mwaka 1905 alimwachia mkewe, May Rindge, na mama huyo hakutaka njia ipite kwake. Aliweka mageti na walinzi wenye silaha. Kampuni ya reli ilipotaka kupitisha reli pwani, yeye akajenga reli yake mwenyewe, fupi, ndani ya shamba, ili wao wakose nafasi.

Kaunti ya Los Angeles nayo ikadai ardhi kwa ajili ya barabara, na kesi zikasota mahakamani miaka na miaka. Hoja moja ya mawakili wa mama Rindge haikuwa ya kipuuzi hata kidogo: barabara inayotakiwa inaishia mpakani mwa shamba, haiendi mji wowote, basi umma utafaidika nini nayo? Juni 1923 Mahakama ya Juu ya Marekani ikajibu kwamba barabara haihitaji kwenda sokoni ndipo iwe ya umma. Watu kupita tu waone milima na bahari, wapumzike na wafurahi, hiyo nayo ni faida ya umma. Kwa hiyo anayetembea leo na baiskeli huko, hana shughuli, hana mzigo, anatazama tu, anatumia haki iliyopiganiwa hadi mahakama ya mwisho ya nchi. Barabara kuu ilifunguliwa mwaka 1929. May Rindge alikufa mwaka 1941, mali yote ikiwa imemwishia.

Nakiri namwonea huruma mama yule. Wale waliomshinda walisema umma unataka kuiona bahari, na kwa miaka mingi, hadi moto wa Januari 2025, sehemu kubwa ya mashariki ya Malibu bahari haikuonekana barabarani: nyumba za matajiri zilikuwa zimejipanga bega kwa bega kwenye mchanga, na ulichoona ni milango ya gereji. Bahari unaiona vizuri ukishapanda korongo. Hapo ndipo inapofunguka yote, na visiwa vyake.

Tupande basi, na tupande Latigo.

Naichagua kwa sababu tatu. Mwinuko wake ni wa wastani na hauna ghadhabu. Ina urefu wa zaidi ya kilomita kumi, kwa hiyo mwili unapata muda wa kuzoea. Na imejikunja mno kiasi kwamba dereva mwenye haraka hupitia Kanan Dume, barabara pana yenye mahandaki iliyo jirani. Kwa vipimo, mtu na baiskeli yake na mizigo michache wakiwa kilo 85, akipanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kasi ya kilomita 10 kwa saa, miguu inatakiwa kutoa wati 150 hivi. Hicho ni kiasi ambacho mtu mzima mwenye mazoezi ya kawaida anakimudu kwa saa moja. Siri iko kwenye gia. Mwenye gia nyepesi anazungusha pedali bila kukaza magoti na anafika akiwa anazungumza. Mwenye gia nzito za mashindano anafika akiwa amenyamaza.

Asubuhi ya Mei au Juni unaanza ndani ya ukungu. Maji ya bahari huku ni baridi, hewa iliyo juu yake inapoa na kunata chini, na hewa ya moto inakaa juu yake mfano wa mfuniko. Ufukweni nyuzi 16, koti limefungwa hadi shingoni, matone yanakusanyika kwenye nyusi na kwenye nyaya za breki. Unanyonga. Harufu ya majani ya sage yaliyolowa inatoka vichakani pande zote mbili. Kisha, mahali fulani kati ya mita mia tatu na mia sita, inategemea siku, weupe ule unaanza kuwa wa manjano, kivuli chako kinatokea kwenye lami, na kona moja mbele umetoka. Chini yako ukungu umelala baharini hadi mwisho wa macho, na juu yako kuna jua kali la jangwani. Koti linavuliwa hapo hapo.

Wasiojua hudhani joto litapungua wakipanda. Siku za ukungu ni kinyume chake, na ukivuka mgongo ukashuka upande wa pili, bondeni San Fernando, mambo ni mengine kabisa. Septemba 6, 2020, kituo cha hali ya hewa cha Woodland Hills, ng'ambo tu ya milima hii, kilipima nyuzi 49.4, joto kubwa kuliko lolote lililowahi kurekodiwa rasmi katika kaunti ya Los Angeles. Kutoka kituo hicho hadi ufukweni, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita ishirini. Kwa sababu hiyo mtu anayetembelea makorongo haya wakati wa kiangazi aanzie baharini, aanze alfajiri, na asitegemee kijito chochote kwa maji ya kunywa: kuanzia Juni vingi ni mawe makavu. Chupa mbili kubwa ndiyo idadi ya chini.

Kuna jambo moja la kutazama wakati wa kupanda, wakati mwendo ni mdogo na macho yana nafasi. Barabara ya Latigo haikatizi mlima. Inaingia kila mkunjo na kutoka kila pua. Ndani ya mkunjo kuna kivuli, pengine mwaloni au mkuyu wa kule, hewa baridi ya ghafla, na kalavati chini ya lami. Kwenye pua kuna jua, upepo wa bahari, na mandhari yote. Tazama lami ya mkunjoni. Maji ya mvua yaliyopita yameteremsha changarawe na mchanga yakauacha hapo hapo, kwenye ukingo wa ndani wa kona, mahali tairi la mbele litakapotaka kupita utakapokuwa unashuka. Puani lami ni safi, imefagiliwa na upepo. Basi kila mkunjo unapoupita ukipanda, unajua tayari utaupitaje ukishuka: punguza mwendo kabla ya kuingia kivulini, si ndani yake, maana mle macho hayajazoea giza na mchanga hauonekani.

Kushuka kuna hatari yake ya pekee kwa watu wa kwetu, na sijaiona ikitajwa popote. Baiskeli za Afrika Mashariki zilifuata desturi ya Kiingereza, na kwa kawaida mkono wa kulia ndio wenye breki ya mbele. Marekani ni kinyume: mkono wa kulia unashika gurudumu la nyuma, wa kushoto la mbele. Ukikodi baiskeli Santa Monica ukapanda nayo korongoni, mikono yako haijui kwamba imehama nchi. Kwenye tambarare haina neno. Kwenye mteremko wa asilimia 10, ukiukaza mkono wa kushoto kwa pupa ukidhani unashika nyuma, gurudumu la mbele linakwama na wewe unaendelea. Aliyekodi amwombe fundi abadilishe nyaya, au azunguke uwanjani nusu saa akishika na kuachia mpaka mikono ijifunze. Na magari, usisahau, yanapita kulia.

Halafu kuna joto la breki. Kilo zile 85 zikishuka mita 450, nguvu inayoachiliwa inatosha kuchemsha lita moja ya maji kutoka ubaridi wa kawaida. Upepo unachukua sehemu yake, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo unavyochukua zaidi. Mwoga anayeshikilia breki mfululizo mwendo wa kutembea ndiye anayezipa rimu na pedi kazi yote. Rimu ikichemka sana tyubu inaweza kupasuka. Wazoefu hushika kwa nguvu kidogo kabla ya kona, huachia ndani ya kona, na katikati ya kona na kona wanakaa wima ili kifua kikamate upepo. Tuna Canyon, ambayo sehemu yake ya chini ni ya njia moja kuelekea baharini, ni chuo kizuri cha mafunzo hayo: hakuna gari linalokuja mbele yako, ni nyembamba, kuta ziko karibu, na inashuka kwa kasi hadi uisikie bahari kabla ya kuiona. Ila njia moja maana yake ni kwamba ukibadili mawazo huwezi kurudi kwa ulikotoka.

Sasa, maji siyo pekee yanayoshuka makorongoni. Vuli na kipupwe, hewa nzito ya majangwa ya ndani, kule nyanda za juu za Nevada na Utah, inasukumwa kuelekea bahari. Inaposhuka inagandamizwa, na hewa inayogandamizwa inapata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja ya kushuka, na unyevu wake unazidi kupotea. Huu ndio upepo wa Santa Ana. Ukifika kwenye milima hii hautafuti njia mpya. Unaingia kwenye makorongo yale yale, na kwa kuwa ni membamba unaongeza mbio. Mtu anayepanda Latigo siku hiyo anapanda dhidi ya upepo mkavu unaomfika usoni, midomo ikipasuka. Lakini siku hiyo asiwepo kabisa.

Novemba 8, 2018, moto uliopewa jina la Woolsey ulianza kaskazini ya milima. Upepo ukausukuma usiku kucha, alfajiri ukaruka barabara kuu ya 101 na njia zake zote, ukaingia makorongoni, na siku hiyo hiyo ya pili ukafika kwenye mawimbi. Ziliungua zaidi ya hekta 39,000, majengo zaidi ya 1,600, na watu watatu wakafariki. Sehemu kubwa ya hifadhi ya taifa iliyoko milimani ilibaki majivu. Januari 7, 2025, ikawa zamu ya upande wa mashariki: moto wa Palisades uliua watu 12 na kuteketeza majengo zaidi ya 6,800 kati ya Pacific Palisades, Topanga na fukwe za Malibu. Barabara ya pwani katika eneo hilo haikufunguliwa tena kwa umma hadi mwishoni mwa Mei.

Moto ukizimika, kazi ya maji inaanza. Vichaka vya huku vina mafuta kwenye majani. Vikiungua, mvuke wake unaingia ardhini na kuacha utando unaoyazuia maji yasinywee. Mizizi iliyoshika udongo imekufa. Mvua kubwa ya kwanza haiingii chini, inateleza juu ya ardhi, inazoa majivu, mawe na magogo, na inayateremsha yote kwa njia ile ile, mpaka kwenye lami. Wakati mwingine moto hauhitajiki hata: Machi 2024, baada ya mvua nyingi, ubavu wa mlima uliporomokea barabara ya Topanga ikafungwa karibu miezi mitatu. Watunga vitabu vya njia za baiskeli wanapenda kuchora mstari mwekundu kwenye ramani na kusema hii ndiyo njia. Kwa milima ya Santa Monica mstari huo ni wa mwaka ule uliochorwa. Usiku wa kuamkia safari, tazama taarifa za barabara zilizofungwa za jimbo na za kaunti, tazama kama kuna tahadhari ya moto, na uwe na korongo la akiba.

Faida moja ya kupita baada ya moto inaonekana majira ya kuchipua yanayofuata mvua: maua ya porini, mengine ya mbegu zilizolala ardhini miaka mingi zikisubiri joto au moshi ziamke. Wenyeji wa huko hufunga safari kwa ajili ya maua hayo tu.

Ndani ya vichaka hivyo wapo puma. Mwendesha baiskeli hawaoni, na wao wanamwona. Aliyekuwa maarufu kuliko wote, P-22, alivuka barabara kuu mbili zenye magari usiku na mchana akaishi peke yake miaka mingi Griffith Park, hadi alipokufa Desemba 2022. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, ujenzi ulikuwa umeanza Agoura Hills wa daraja pana la udongo na miti, la wanyama tu, juu ya barabara ya 101. Daraja la baiskeli mahali hapo halipo. Puma wametuzidi kete.

Hatari kubwa zaidi ya safari hii haiko milimani. Ni barabara ya pwani, ambayo kila mtu huiita PCH. Ni barabara kuu ya jimbo na wakati huo huo mtaa wa makazi: upande mmoja magari yanapita kwa kasi kubwa kisheria na kubwa zaidi kwa mazoea, upande mwingine yameegeshwa na milango inafunguliwa bila dereva kugeuka nyuma. Oktoba 2023 wanafunzi wanne wa chuo kikuu cha Pepperdine waliokuwa kando ya barabara hiyo waligongwa na kuuawa na gari lililokuwa kasi, na mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria ya kuruhusu kamera za mwendokasi Malibu. Sheria ya California inamtaka dereva aache futi tatu, sentimita 91, anapompita mwendesha baiskeli, na tangu Januari 2023 ahamie njia nyingine kabisa ikiwa ipo na inawezekana. Sheria ni nzuri. Mlango wa gari haujaisoma.

Wanaosafiri pwani nzima kwa baiskeli, kutoka Kanada hadi mpaka wa Meksiko, hawana budi kuipita PCH, na karibu wote huipita kutoka kaskazini kuja kusini. Upepo wa kiangazi unavuma kwa mgongo wao, na kwa kuwa wanaendesha kulia, wao ndio walio upande wa bahari. Waige. Ukilazimika kutumia PCH, itumie kuelekea Los Angeles, Jumapili mapema, kabla watu wa ufukweni hawajaamka.

Mzunguko wangu wa siku mbili unaikwepa kadiri inavyowezekana. Unaanzia Calabasas, upande wa ndani, asubuhi sana kabla ya joto. Fuata Mulholland Highway hadi Stunt Road, kisha panda: kilomita sita na kitu za mwinuko usiolegea, usiokaba, karibu wote unaonekana mbele yako ukiinua kichwa, jambo ambalo wengine hulichukia na mimi nalipenda. Juu, chini ya Saddle Peak, bahari inatokea yote kwa mkupuo. Shuka kwa Piuma, kwa utulivu, kwa sababu kona zake zina tabia ya kujifunga mwishoni. Karibu na chini, kabla hujaingia kwenye barabara ya Malibu Canyon na magari yake, pinda Cold Canyon urudi Mulholland. Hujagusa PCH na tayari umeonja bahari.

Kutoka hapo ni magharibi tu. Mulholland ilipewa jina la William Mulholland, mhandisi mzaliwa wa Ireland aliyejisomesha mwenyewe na kuiletea Los Angeles maji kwa mfereji wa kilomita 375 mwaka 1913. Kipande cha kwanza cha barabara kilizinduliwa mwishoni mwa 1924. Bwawa lake la St. Francis lilipasuka Machi 1928 likaua watu zaidi ya 400, na jina lake likabaki kwenye vibao vya barabara kuliko kwenye sifa. Utaipita Rock Store, mkahawa wa mawe ambako Jumapili pikipiki zinapangwa kwa mamia. Jaza chupa hapo, kisha panda ule msururu wa kona unaoitwa The Snake ukiwa umekaa kulia kabisa, maana wanaokuja nyuma yako wanaigiza mashindano. Baada ya Kanan kelele zinakatika. Encinal inabaki kushoto, vilima vinafunguka, na Mulholland inaanza kushuka kwenye korongo la Arroyo Sequit hadi ufukwe wa Leo Carrillo. Kambi ya hifadhi ya jimbo ipo pale, na ina sehemu iliyotengwa kwa wanaofika kwa miguu au kwa baiskeli.

Siku ya pili unaipita PCH kidogo tu, kilomita chache kuelekea magharibi, hadi Yerba Buena. Hii ndiyo barabara ninayoipenda kuliko zote za huku. Ni nyembamba, lami yake ina viraka juu ya viraka, nyumba ni chache, na inapanda ndani ya korongo la Little Sycamore hadi chini ya Sandstone Peak, kile kilele cha mita 948. Jina lake linamaanisha kilele cha mwamba wa mchanga, na si mwamba wa mchanga hata kidogo. Ni volkano tupu, ya miamba ile ile iliyotoboa siri ya kugeuka kwa milima. Kutoka njia ya miguu iliyo karibu unaona visiwa vya Anacapa na Santa Cruz vikiendelea magharibi kwa mstari ule ule. Ni safu hii hii, imeingia majini. Ukishavuka kichwa cha korongo, barabara inakurudisha Mulholland, na kutoka hapo unarudi Calabasas kwa njia uliyojia jana, safari hii ukiwa unajua mchanga uko kona zipi.

Decker, barabara ya jimbo namba 23, sikuiweka kwenye mzunguko huu kwa makusudi. Ni ya mkato, na wengi watakushauri uitumie uwahi kufika. Mwinuko wake unauma na kona zake ni za kupindana. Anayeitaka aipande, asiishuke akiwa na mizigo.